Kumwandaa mtoto wa paka kwa upasuaji wa kufunga kizazi au kuhasiwa: hatua kwa hatua

Kila mtu anapopewa tarehe ya kumpeleka paka wake mdogo kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya kufungwa kizazi au kuhasiwa, maswali huwa yale yale. Je, ataamka? Atasikia maumivu? Ale au asile asubuhi ile? Akirudi atanichukia? Nimeyajibu maswali haya mara nyingi, kwa watu waliokuwa wamekosa usingizi kwa sababu ya mnyama asiyefika hata kilo mbili, na siwalaumu, kwa kuwa nami nililala macho usiku wa kuamkia siku ya paka wangu wa kwanza. Nimeona ni vyema majibu yote yakae mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufuatwa, ili uwe na kazi ya kufanya badala ya kukaa na hofu.

Upasuaji wenyewe ni wa daktari, nawe huna la kuongeza humo ndani. Yaliyo mikononi mwako ni mambo matatu: mtoto wa paka asile wakati usiofaa wala asikae na njaa kupita kiasi, asipate baridi, na asilambe kidonda. Ukiyashika hayo matatu, sehemu yako umeitimiza.

Maelezo machache kabla hatujaanza. Kwa jike, daktari huondoa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi, kupitia mkato mdogo tumboni au ubavuni. Kwa dume huondoa korodani, kazi ambayo huchukua dakika chache tu. Madaktari wengi hufanya upasuaji huu paka akiwa na umri wa miezi 4 hadi 6, na wengine huufanya mapema zaidi iwapo paka ana afya na amefikisha uzito wa kilo 1 hivi. Usisubiri jike azae mara moja kwanza kama wengi wanavyoshauriana, kwa sababu uzazi huo haumpi faida yoyote ya kiafya, ilhali jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu na kuzaa baada ya wiki 9 hivi. Kumfunga kizazi kabla hajaingia kwenye joto (kipindi cha kutafuta dume) kwa mara ya kwanza hupunguza sana uwezekano wa kupata uvimbe wa saratani kwenye matiti uzeeni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kikapu au kreti ya kubebea paka, ngumu, yenye mlango unaofungika vizuri. Usimpakate mikononi, paka aliyeshtuka huchomoka hata mikononi mwa mtu mwenye nguvu.
- Vitambaa au taulo mbili, moja iwe imelaliwa na paka kwa siku kadhaa ili ibebe harufu yake.
- Kadi ya chanjo na kumbukumbu ya dawa za minyoo.
- Chumba kidogo au pembe iliyotulia ambayo watoto, mbwa na paka wengine hawaifikii.
- Karatasi zilizochanwachanwa za kuweka kwenye beseni la choo badala ya mchanga.
- Kola ya kinga, ile inayozunguka shingo kama faneli, au fulana ya kufunika tumbo. Waulize mapema kama wanaitoa hapo kliniki, kwa kuwa huhitajika siku hiyo hiyo.
- Namba ya simu ya daktari, na namba ya mahali panapopokea dharura za wanyama usiku.

Hatua ya 1: Mpeleke akachunguzwe siku kadhaa kabla

Usikubali mara ya kwanza ya daktari kumwona paka wako iwe ndiyo asubuhi ya upasuaji. Katika uchunguzi huu atapimwa uzito, kwa kuwa kipimo cha dawa ya usingizi hutegemea gramu zake. Atasikilizwa moyo na mapafu. Na kama ni dume, daktari atapapasa kuhakikisha kwamba korodani zote mbili zimeshuka, maana ile iliyobaki tumboni hubadilisha kabisa aina ya upasuaji. Mwambie daktari kila kitu unachokijua: kama amekuwa akipiga chafya, kama machozi yanamtoka, kama anaharisha, kama uliwahi kumpa dawa yoyote ya viroboto wiki hiyo. Mafua kidogo yanaweza kuahirisha tarehe, na kuahirisha si hasara.

Hapo ndipo pa kuuliza maswali yanayokunyima usingizi. Uliza ni nani atakayemwangalia anapolala na anapoamka. Uliza atapewa dawa gani ya maumivu na kama utapewa nyingine ya kwenda nayo nyumbani. Uliza watamwekaje joto mezani. Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya, na kwa maoni yangu, anayeyajibu kwa haraka na kwa kukereka amekupa sababu ya kutafuta mwingine. Hakuna nusukaputi (usingizi wa dawa) isiyo na hatari hata chembe, na usimwamini anayekuambia vinginevyo, lakini kwa paka mdogo mwenye afya aliyechunguzwa vizuri hatari hiyo ni ndogo.

Hatua ya 2: Mzoeshe kikapu kwa muda wa wiki moja

Watu wengi hukitoa kikapu stoo asubuhi ya safari, wakamsukumia paka ndani, kisha wakashangaa anavyolia njia nzima. Kiweke wazi sebuleni wiki nzima kabla, kikiwa na taulo yake ndani, na umlishie humo. Siku ya tatu au ya nne utamkuta amejikunja mwenyewe ndani yake. Hapo fungua na ufunge mlango mara chache, kisha mbebe ukizunguka naye nyumba. Akili ya paka hushika harufu na mahali kuliko maneno, hivyo kikapu kinachonukia nyumbani kitamtuliza kuliko maneno yote ya kubembeleza utakayomwambia njiani.

Hatua ya 3: Pata saa kamili ya mlo wa mwisho, na uiandike

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Paka akilazwa usingizi wa dawa akiwa na chakula tumboni, anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Ndiyo maana anazuiwa kula. Lakini mtoto wa paka si paka mzima aliyepungua ukubwa. Ana akiba ndogo sana ya nguvu mwilini, na akikaa na njaa kwa muda mrefu sukari ya damu yake hushuka, akalegea na kupata baridi hata kabla ya sindano ya kwanza. Paka mkubwa huweza kuambiwa asile usiku kucha. Kwa mtoto wa miezi michache, madaktari wengi huruhusu mlo mdogo wa chakula laini hadi saa chache kabla, mara nyingi muda wa saa 2 hadi 4 kabla ya upasuaji, kutegemea umri na uzito wake. Usitumie ushauri aliopewa jirani kwa paka wake wa miaka mitatu. Uliza kwa ajili ya paka wako, siku ya uchunguzi, na uandike jibu.

Andika pia saa hiyo kwa maneno, pamoja na neno "usiku" au "asubuhi". Ujumbe wa simu uliosema "mwisho wa kula 1:00" mmoja anausoma saa moja, mwingine saa saba, na tofauti hiyo ya saa sita ni kubwa sana kwa tumbo la mtoto wa paka. Waambie wote mnaoishi nao nyumbani, hasa watoto, kwa kuwa mkono wenye huruma unaodondosha kipande cha samaki alfajiri unaweza kufuta ratiba nzima. Ikitokea amekula, sema. Usifiche kwa kuogopa kuahirishiwa.

Maji hayazuiwi usiku. Kwa kawaida huachwa hadi wakati wa kuondoka, isipokuwa daktari aseme vingine.

Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia, mfungie ndani

Paka anayetoka nje usiku anaweza kula panya au mabaki ya jirani bila wewe kujua, au asionekane kabisa asubuhi. Mfungie katika chumba kimoja pamoja na maji, choo na malazi yake. Kama una paka wengine, ondoa bakuli zao pia, au watenge.

Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Usimwogeshe, kwa kuwa manyoya yenye unyevu humwibia joto. Usimpe dawa yoyote ya kumtuliza uliyoamua mwenyewe, wala ya maumivu "ya kujihami". Funika kikapu kwa kitambaa chepesi ukiacha nafasi ya hewa, kwani paka asiyeona vurugu za njiani hutulia upesi. Zungumza naye kwa sauti yako ya kila siku. Ukimlilia na kumbusu kupita kawaida, anachokisoma ni kwamba kuna jambo baya.

Hatua ya 6: Kumkabidhi

Soma fomu ya ridhaa kabla ya kutia saini, hasa sehemu inayosema wafanye nini wakikuta jambo wasilolitarajia, kwa mfano jike ambaye tayari ana mimba. Hakikisha namba yako iko sahihi na simu yako ina chaji. Mwache na taulo yenye harufu yake. Kisha ondoka, kukaa mlangoni hakumsaidii.

Hatua ya 7: Unapongoja, jua kinachoendelea

Watu huniambia kwamba saa za kungoja ndizo mbaya zaidi, nami naamini ni kwa sababu akili hujaza pengo kwa picha za kutisha. Ijaze kwa picha ya kweli. Atapimwa uzito tena, kisha apewe sindano ya kumtuliza pamoja na dawa ya maumivu, kabla hajahisi chochote. Akishalala, macho yake yatapakwa mafuta maalumu, kwa sababu paka aliyelala kwa dawa huwa hafumbi macho na mboni hukauka. Mara nyingi mpira mwembamba hupitishwa kooni ili hewa ipite bila kizuizi. Nywele zitanyolewa mahali pa mkato, na pengine sehemu ndogo ya mguu wa mbele ilipoingia sindano. Atalazwa juu ya kitu cha joto, kwa kuwa mwili mdogo hupoa haraka, na mtu ataendelea kutazama pumzi, moyo na rangi ya fizi zake. Baada ya mshono atawekwa mahali pa joto hadi aweze kuinua kichwa mwenyewe. Sehemu kubwa ya siku yake huko huwa ni kulala na kuamka. Mkato wenyewe huchukua muda mfupi.

Hatua ya 8: Usimchukue kabla ya kupata maelezo

Furaha ya kumwona ikikushika, utasahau kuuliza. Nenda na maswali yameandikwa: nyuzi zinayeyuka zenyewe au zitatolewa, na lini? Dawa ya maumivu inaanza saa ngapi, kiasi gani, kwa siku ngapi? Ale nini jioni hii? Omba uonyeshwe kidonda kikiwa kisafi, ukipige picha kwa simu. Picha hiyo itakuwa kipimo chako; kila siku utalinganisha nayo badala ya kubahatisha.

Hatua ya 9: Usiku wa kwanza

Fungua kikapu chini sakafuni ndani ya kile chumba chenye utulivu, na umwache atoke mwenyewe. Paka wangu alitoka akipiga hatua kama anayekanyaga sakafu yenye maji, akinyanyua kila mguu juu kupita kiasi, macho yamepanuka na yanang'aa kwa yale mafuta, na kipande cha tumbo kisicho na nywele, cheupe kwa waridi, kikitikisika kila alipoyumba. Alinipita bila kunitambua. Niliumia sana moyoni. Kufikia asubuhi alikuwa amelala juu ya mguu wangu. Hali hiyo ya kuyumba na kutojali ni dawa inayotoka mwilini, si chuki.

Asipande juu ya kiti wala kitanda, kwa kuwa mwili wake bado unayumba na ataanguka. Mpe joto kwa blanketi, au kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo nene na kuwekwa upande mmoja tu ili aweze kujisogeza. Chupa ya moto isiyofungwa kitambaa humuunguza mnyama mwenye usingizi, naye hasogei. Anza kwa maji kidogo. Akishasimama vizuri, mpe kiasi cha robo ya mlo wake wa kawaida. Mimi nilijaza bakuli kwa huruma, akala lote kwa pupa, na baada ya muda mfupi akalitapika lote juu ya taulo safi.

Onyo kubwa kuliko yote: usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Parasetamo, hata kipande cha kidonge, inaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama letu linavyofanya. Ibuprofeni na aspirini nazo ni za hatari kwake. Ukiona anaumwa, mpigie daktari simu.

Hatua ya 10: Siku 7 hadi 14 zinazofuata

Kazi ngumu ya siku hizi ni kumzuia paka anayejisikia mzima. Siku ya pili au ya tatu ataanza kukimbia na kurukia mapazia, nawe utadhani amepona, ilhali tabaka za ndani za mshono wa jike bado zinaungana. Punguza michezo ya kuruka na usimruhusu kutoka nje. Kola ya kinga ibaki shingoni hata kama anakuangalia kwa masikitiko. Ulimi wa paka una miiba midogo, na dakika kumi za kulamba zinatosha kufungua mshono. Usiioshe sehemu ya kidonda, usipake spiriti, mafuta wala unga wowote bila kuagizwa. Mtazame asubuhi na jioni, ukilinganisha na ile picha. Nyuzi zisizoyeyuka kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Dume hupona upesi zaidi, na mara nyingi huwa hana nyuzi kabisa. Usishtuke ukiona vifuko vyake bado vimevimba kidogo. Ni hali ya kawaida siku za mwanzo. Lakini kumbuka kwamba mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kuishi, kwa hiyo mtenge na majike wasiofungwa kizazi kwa wiki kadhaa.

Ukiona jambo lisilo la kawaida

*Hataki kula jioni ya kwanza.* Ni kawaida. Pasha chakula laini kidogo ili kinukie. Asipokula kabisa hadi asubuhi, piga simu. Mtoto wa paka hapaswi kungojewa siku mbili.

*Anakohoa kidogo.* Ule mpira wa kooni huacha mkwaruzo unaoweza kudumu siku moja au mbili. Akihema kwa mdomo wazi au kwa shida, hiyo ni dharura.

*Hajapata choo kikubwa.* Kwa kuwa alikaa bila chakula, siku moja au mbili hazina neno. Mkojo ni jambo jingine: asipokojoa kwa saa 24, mwone daktari.

*Kuna kinundu kigumu chini ya mshono.* Kikiwa kidogo, kikavu, kisichouma, mara nyingi ni mwili unavyopokea uzi, nacho hupungua chenyewe. Kikikua, kikiwa cha moto au chekundu, au kikitoa usaha na harufu, asisubiri.

*Tone la damu kwenye taulo.* Tone moja au mawili siku ya kwanza si la kuogopesha. Damu inayoendelea kudondoka, mshono uliofunguka, tumbo linalovimba au fizi zilizopauka kuwa nyeupe zinamaanisha uondoke naye sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.

*Bado amelegea siku inayofuata.* Usingizi mwingi ni sawa, lakini anapaswa kuamka ukimgusa na kukutazama. Akiwa baridi masikioni na miguuni na haamki vizuri, mfunge kwenye blanketi na umpigie daktari wakati huo huo.

*Amevua kola na kulamba.* Mvishe tena, piga picha ya kidonda na umtumie daktari. Kola iliyokaa sawa huacha nafasi ya kupita vidole viwili shingoni. Ikizidi hapo ataitoa kila mara.

*Paka mwenzake anamkoromea.* Hili huwaumiza wengi, kwa kuwa ndugu waliolala pamoja jana leo wanafukuzana. Sababu ni harufu ya kliniki iliyomganda. Watenge kwa siku moja au zaidi, futa mwili wa kila mmoja kwa kitambaa kimoja bila kugusa kidonda, na uwabadilishie malazi ili harufu zichanganyike. Wakutanishe wakati wa kula, kila mmoja na bakuli lake, ukianzia mbali na kusogeza karibu kidogo kidogo kila mlo. Wengi hurudi kulala pamoja kabla nyuzi hazijatolewa.